Kamera Jozi: Upige Kila Kitu au Ujulikane kwa Kazi Moja?

Wasomaji wetu wengi walioko Johannesburg wana kazi mbili. Siku za wiki ni saiti ya ujenzi au nyumba ya bosi, wikiendi ni kamera. Harusi ya Wakongo kule Yeoville, kipaimara, besdei ya mtoto, picha ya pasipoti, picha ya dada anayetaka kumtumia mama yake aone kwamba hajambo. Swali wanalotuuliza ni la hela: nibaki kupiga kila kitu, au nichague aina moja ya picha nijulikane nayo? Na nyuma yake kuna jingine ambalo watu hawalisemi haraka. Nikichagua nitahitaji vifaa, na hela ya vifaa itatoka kwenye ile ninayotuma nyumbani.

Tuanzie Marshalltown, kwa sababu mtaa huu umeona biashara ya picha ikizaliwa na ikibanwa.

Marshalltown iko upande wa kusini wa katikati ya jiji. Hapo kuna kituo cha mabasi cha Gandhi Square, mahakama ya mahakimu, na majumba ya zamani ya kampuni za madini. Namba 80 Albert Street ndipo ilipokuwa ofisi ya pasi enzi za ubaguzi wa rangi. Sheria ya mwaka 1952 iliwalazimisha Waafrika kutembea na kitabu cha pasi, na ndani ya kitabu lazima iwepo picha ya mwenyewe. Toka zamani, penye ofisi ya makaratasi mpiga picha hakosi kuwa karibu. Ni kazi nzuri kwa mgeni: mtaji mdogo, hakuna maneno mengi, mteja analipa hapo hapo na kesho anakuja mwingine.

Sasa angalia kilichotokea. Julai 2013 serikali ilizindua kitambulisho kipya cha kadi, na katika ofisi zenye mfumo huo mwombaji hupigwa picha ndani, mbele ya afisa. Haji na picha mkononi. Anayeishi kwa picha hiyo peke yake huiona foleni ile ile nje ya ofisi, ila foleni haimhitaji tena. Maombi mengi ya viza bado yanadai picha iliyochapwa, kwa hiyo kazi haijafa kabisa, lakini imepungua bila mpiga picha kukosea lolote. Hii ndiyo hatari ya kujifunga kwenye kitu kimoja: ukitegemea utaratibu wa ofisi moja, siku wakibadilisha utaratibu hawakuulizi.

Mtu atasema, basi bora nipige kila kitu. Hapana, hapo napo pana shimo. Panda kaskazini kidogo hadi Joubert Park. Kwa miaka mingi wapiga picha wa mtaani walikaa pale, kila mmoja na sehemu yake, wakipiga yeyote anayepita: wapenzi, mama na mtoto, kijana mwenye viatu vipya. Msanii Terry Kurgan alifanya nao kazi miaka ya 2000 na kukusanya picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Sisi watu wa akiba tunaziona picha zile kwa jicho jingine: kila moja ni filamu na karatasi ambayo mpiga picha ameshailipia. (Chukua malipo ya awali. Kila mara, hata kwa mtu wa kwenu.) Halafu simu zikaingia na kamera ndani yake. Mpiga picha wa "yeyote, popote, chochote" leo anashindana na simu iliyo mfukoni mwa mteja wake, na hiyo haidai malipo.

Kwa maoni yetu, watu wanaliuliza swali vibaya. Wanadhani kuchagua ni kuchagua aina ya picha: harusi, sura za watu, bidhaa, majengo. Waliodumu kwenye kazi hii walichagua kitu kingine. Walichagua mahali au watu wanaowajua kuliko wengine, kisha humo ndani wakapiga chochote kilicholipa.

Mfano mmoja uko Marshalltown hapo hapo, 44 Main Street, jengo lililokuwa makao makuu ya kampuni ya madini ya Anglo American. Kampuni hiyo ilikuwa na jarida lake, Optima, na kati ya waliolipigia picha alikuwa David Goldblatt, mzaliwa wa Randfontein, mji wa migodi. Mwaka 1963, baada ya baba yake kufariki, aliuza duka la nguo la familia akaingia kwenye upigaji picha moja kwa moja. Alifanya kazi za majarida na makampuni, hizo ndizo zilizolipa bili. Pembeni aliendelea na jambo lake moja: jinsi watu wa Afrika Kusini wanavyoishi, na migodi aliyokulia karibu nayo. Mwaka 1973 kikatoka kitabu chake On the Mines, pamoja na mwandishi Nadine Gordimer. Kazi za kulipwa zilikuwa za kila namna, ila jina lake lilikuwa na maana moja. Mwaka 1989 alianzisha Market Photo Workshop, shule ya upigaji picha jijini humo humo, iliyowafungulia mlango watu ambao ubaguzi uliwazuia kusoma kazi hii. Zanele Muholi, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa miongo mingi, alisoma hapo.

Mfano wa kwetu ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapo Dar. Ukihesabu aina za kazi utachoka: picha za magazeti, filamu za habari, vitabu vya watalii, jarida la ndani ya ndege. Lakini chumba cha habari London kilipotaka kitu kutoka pembe hii ya Afrika, walijua wa kumpigia simu. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia kwa sababu alijua afisa yupi anatoa kibali na ndege ipi inakwenda. Kilichonunuliwa pale ni kule kujua na kufika. Kamera nzuri wengine walikuwa nazo.

Sasa wewe unajua nini ambacho mpiga picha mwenye studio Sandton hajui?

Fundi wa ujenzi anajua nondo zikishamwagiwa zege hazionekani tena. Mkandarasi mdogo anayegombana na mwenye nyumba kuhusu malipo anahitaji picha ya zile nondo, yenye tarehe, iliyopigwa kabla ya zege. Anahitaji picha ya bomba kabla ya ukuta kupigwa plasta. Mpiga harusi hajui asimame wapi wala siku gani. Wewe unajua, na una helmeti na buti tayari. Kazi hii haina sifa mitandaoni, lakini inarudi kila wiki mpaka jengo liishe, na mkandarasi akihama saiti anahama na wewe. Usikimbilie kununua droni kwa ajili yake. Tangu 2015 kurusha droni kwa biashara Afrika Kusini kunahitaji leseni ya urubani na vibali, na gharama yake ni kubwa kuliko mapato ya mwanzo.

Kazi hiyo pia unaweza kurudi nayo nyumbani, jambo tunalolipa uzito mkubwa. Ni wangapi kati yetu tunatuma hela ya kujenga Tanga, Kisumu au Bukavu na kuambiwa "tumefika kwenye linta" bila kuona linta? Mtu anayeweza kwenda kwenye kiwanja cha mwenzake, apige msingi, mifuko ya saruji, rula ikiwa imelazwa kwenye tofali, aandike tarehe na kutuma, ana wateja Johannesburg, Muscat na Doha. Picha za pasi za Albert Street usingeweza kuhama nazo. Hii unaweza.

Dada wa kazi za ndani naye ana ujuzi wake. Anajua chumba kinavyotakiwa kuonekana kabla mgeni hajafika, na wenye vyumba vya kupangisha kwa siku wanahitaji picha hizo. Anajua pia kukaa na watoto wadogo wasiotulia, ambao wapiga picha wengi huwashindwa. Tahadhari moja: nyumba ya bosi na watoto wa bosi si sampuli zako. Usiwapige, usiwaweke mtandaoni bila ruhusa iliyoandikwa, maana kazi inaweza kuondoka kwa picha moja.

Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo ndoto nyingi huumia. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na tangu 2022 wafanyakazi wa ndani wanahesabiwa sawa na wengine. Kwa saa 45 kwa wiki hiyo ni kama randi 5,600 kwa mwezi kabla ya makato. Tuseme unatuma 2,000 nyumbani na pango ni 1,500. Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba harusi moja inakulipa 1,500 na unapata mbili kwa mwezi. Ni 3,000, sio? Toa nauli 300, msaidizi 400, uchapaji na albamu 500. Imebaki 1,800. Desemba watu wanaoa na utapata nne au tano, utajiona tajiri. Januari hakuna anayeoa, na Januari hiyo hiyo ada za shule zinadaiwa kule nyumbani.

Kwa hiyo usipime kazi ya kamera kwa Desemba. Andika mapato halisi ya miezi 12, kisha tazama ile mitatu mibaya kuliko yote. Kama katika miezi hiyo mitatu kamera peke yake inalipa pango na ile 2,000 ya nyumbani, unaweza kuanza kuzungumza habari ya kuacha mshahara. Kama hailipi, kamera ni nyongeza, na hakuna aibu. Peter Magubane, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa nchi hii, aliingia jarida la Drum miaka ya 1950 akiwa dereva.

Hapa ndipo kupiga kila kitu kuna kazi yake. Mwaka wa kwanza pokea zote, lakini kwa kila kazi andika vitu vinne: nani alikuita, alikulipa kiasi gani baada ya gharama, saa ngapi ulitumia pamoja na kuhariri usiku, na kama alikuita tena. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiamini. Harusi hulipa vizuri lakini bwana harusi harudi, au tuombe asirudi. Mkandarasi hulipa kidogo na kurudi mara ishirini. Ukishaona nani anarudi, umeshachagua, na zile nyingine unaziacha taratibu bila kufunga mlango.

Kuhusu vifaa, msimamo wetu ni mgumu na wengine hawaupendi: lenzi inanunuliwa kwa hela ya kamera, si kwa mshahara wala kwa zamu yako ya upatu. Mpaka hapo, azima au kodi. Kukodi lenzi kwa harusi mbili kwa mwezi kunauma, ila mwezi usio na harusi hukodi, wakati mkopo wa duka unadai hata Januari.

Kuna mambo mawili ya kisheria yanayowakuta watu wakiwa hawajui. La kwanza ni kibali. Viza ya kawaida ya kazi inakufunga kwa mwajiri aliyeandikwa humo. Kabla ya kuweka bango na bei, uliza mtu wa sheria kama makaratasi yako yanakuruhusu biashara ya pembeni.

La pili ni hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Afrika Kusini ya 1978, mtu akikuagiza umpige picha na akalipa, hakimiliki ni yake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hii ina maana kubwa kwa uzeeni. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, akamwachia mwanawe Rohit, na miaka mingi baadaye picha za zamani za mji zilikuwa bado zinauzwa dukani kwa wageni. Ukitaka picha zako za saiti au za mtaa zije kukulipa tena, iandikwe kwenye makubaliano kwamba hakimiliki inabaki kwako na mteja ana ruhusa ya kuzitumia. Sentensi mbili zinatosha, hata kwa WhatsApp, ilimradi amejibu "nimekubali".

Na hizo picha zisikae sehemu moja. Lile jengo la Albert Street liliungua usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023 na kuua watu 76, wengine wakiwa wahamiaji kutoka nchi kama Malawi na Tanzania. Waliotoka hai wengi walitoka na nguo za mwilini tu. Ukilala kwenye jengo la namna hiyo, cha kwanza ni kujua mlango wa kutokea. Nakala ya picha, pasipoti na daftari la mapato iwe mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, leo jioni kabla hujalala.