Kamera za yadi na gesti: mwenye eneo ana ulinzi, dereva naye ana haki

Lori linapoegeshwa usiku katika yadi ya Malaba, Busia au Namanga, kamera ya mlangoni humnasa dereva, utingo, namba ya gari na saa ya kuingia. Wenye mizigo huzipenda kamera hizo kwa sababu ya wizi. Wachache wanafahamu kwamba aliyepigwa picha ana haki juu ya picha hizo, hata akiwa ndani ya eneo la mtu binafsi.

Nchini Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data binafsi. Mwenye yadi, gesti au kituo cha mafuta anaruhusiwa kufunga kamera za ulinzi, ila awajulishe wanaoingia, azitumie kwa lengo hilo tu na asihifadhi picha kupita muda unaohitajika. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka pia anayeendesha kamera za kuzuia uhalifu ajisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata kama biashara yake ni ndogo.

Kuingia mahali si kukubali kutangazwa. Septemba 2023, Kamishna aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh. 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Kwa msafirishaji, haki yenye uzito zaidi ni ya kuona picha zake. Mzigo ukipungua na dereva akashukiwa, picha hizo zaweza kumsafisha. Lakini mashine nyingi hufuta rekodi za zamani ili kupata nafasi, hivyo asichelewe. Aandike barua akitaja tarehe, saa na namba ya gari, na abaki na nakala. Kwa kanuni za Kenya, ombi hujibiwa ndani ya siku 7 bila malipo. Akikataliwa, anaweza kumlalamikia Kamishna, ambaye ana siku 90 za kukamilisha uchunguzi.

Uganda ina sheria yake ya mwaka 2019. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, chini ya Tume yake. Taratibu hutofautiana, kwa hiyo dereva aulize kwanza sheria ya nchi ambako kamera imefungwa, si ya nchi lilikosajiliwa lori.