Kikulacho ki Nguoni Mwako: Maradhi Sugu ya Ini na Kunyauka kwa Misuli

Mnamo Mei 2014, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliwaua makumi ya watu nchini Kenya, na Embu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Vifo hivyo vilitangazwa kote kwa kuwa vilikuja kwa kishindo. Yapo, hata hivyo, madhara ya ulevi yasiyopigiwa mbiu. Kuanzia Makutano ya Meru hadi Embu mjini, kama ilivyo kwingineko nchini, mgonjwa wa ini huweza kudhoofika kwa miaka huku jamaa zake wakidhani ni uzee, ufukara au kurogwa. Makala haya yanafafanua kinachomnyausha mgonjwa huyo na jinsi kinavyoyaathiri maisha yake.

Ini huharibiwa polepole na pombe, na virusi vya homa ya ini aina ya B na C, au na mafuta yanayorundikana ndani yake. Aidha, utafiti kutoka Harar, Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha uhusiano baina ya utafunaji wa miraa na maradhi sugu ya ini. Uhusiano huo si hukumu ya mwisho, lakini wakazi wa jirani ya Nyambene hawana budi kuuzingatia. Ini linalojeruhiwa mara kwa mara hujaa makovu likawa gumu. Hali hiyo huitwa sirosisi.

Ini lenye afya ni mithili ya ghala. Baada ya mlo huweka akiba ya sukari, kisha huitoa kidogo kidogo usiku. Ghala la mwenye sirosisi limepungua. Akilala bila kula hadi asubuhi, mwili wake hufikia hali ambayo mtu mwenye afya angeifikia baada ya siku mbili au tatu za njaa. Hapo mwili huvunja protini ya misuli ili kutengeneza sukari. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga.

Hasara haiishii hapo. Ini linaposhindwa kuondoa amonia katika damu, misuli hulisaidia. Misuli ikipungua, amonia hufika ubongoni kwa wingi zaidi; mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na pengine huchanganyikiwa.

Mizani nayo hudanganya. Maji yakijaa tumboni, uzito huweza kupanda ilhali mapaja na mikono inakonda. Ishara za kuaminika zaidi ni kulegea kwa mshiko wa kiganja na kushindwa kuinuka kitini bila kujishikilia. Kwa mkulima, maana yake ni kutoweza kubeba debe la kahawa wala kupanda mteremko wa shamba lake. Anayelisha wengine hugeuka wa kulishwa, na heshima yake nyumbani hutikisika.

Zamani wagonjwa hawa walikatazwa protini kwa kuhofia amonia. Miongozo ya kitabibu ya sasa imeliacha katazo hilo. Inapendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kila siku, pasipo kuhesabu uzito wa maji. Yaani gramu 72 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Maharagwe, ndengu, mayai na maziwa yanafaa. Milo iwe midogo na ya mara kwa mara, chumvi ipunguzwe, na mgonjwa ale kitu kabla ya kulala, hata kama ni uji wa maziwa. Mazoezi mepesi, kwa ushauri wa daktari, huisaidia misuli, na pombe haina budi kuachwa kabisa.

Kwa kuhitimisha, kinga ni bora kuliko tiba. Watoto wachanga nchini Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B tangu 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo wanafaa kupimwa. Wanaokisomea Kiswahili nao wana wajibu wao: agizo la daktari likibaki katika lugha isiyoeleweka nyumbani, mgonjwa ataendelea kunyimwa maharagwe na wale wale wanaompenda.