Damu katika mkojo: Saratani zote za kibofu hazitibiwi kwa njia moja

MKAZI wa Kibera au Kawangware aonapo damu katika mkojo wake, aghalabu hukimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu. Damu ikikoma, hudhani amepona. Hapo ndipo penye hatari, kwani damu itokanayo na saratani ya kibofu huja na kutoweka, mara nyingi bila maumivu.

Saratani hiyo ina aina kadhaa. Iliyoenea zaidi huanzia katika utando wa ndani wa kibofu, na uvutaji sigara ni chanzo chake kikuu. Zipo pia aina adimu: ya seli bapa, ya seli za tezi na ya seli ndogo.

Ile ya seli bapa inawahusu hasa wahamiaji jijini waliolelewa sehemu kama Kwale au Tana River, ambako kuna kichocho cha mkojo. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga mtoni au bwawani. Baadaye mayai hukwama katika ukuta wa kibofu na kuuchubua kwa miaka mingi. Mnamo 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja minyoo hiyo kuwa kisababishi cha saratani.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haiponyi saratani iliyokwisha kuota.

Ili kubainisha aina, daktari huingiza kibofuni mrija mwembamba wenye kamera na kutoa kipande cha uvimbe kipimwe maabarani. Jibu hilo ndilo huelekeza tiba.

Saratani ya seli bapa haisikii sana tibakemikali. Tegemeo kuu ni kukiondoa kibofu kabla haijasambaa. Mkojo huelekezwa kupitia kipande cha utumbo hadi kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Ile ya seli ndogo husambaa upesi, hivyo tibakemikali hutangulia, kisha upasuaji au tiba ya miale hufuata.

Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali na Kibera. Anayeona damu, hata mara moja tu, aende akapimwe, na asisahau kumweleza daktari alikokulia na maji aliyokuwa akioga utotoni.