Kutoka Ithookwe Hadi Kasarani

Abiria anayesafiri kwa basi kutoka Kitui kwenda Nairobi kupitia Kanyonyoo, Matuu na Thika hupita karibu na Kasarani kabla ya kuingia mjini. Wengi huutazama uwanja huo mkubwa kupitia dirishani na safari ikaendelea. Lakini je, msomaji, unajua yaliyomo ndani yake?

Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, Kasarani, kilijengwa kwa usaidizi wa China ili kuandaa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Uwanja wake mkuu ulijengwa uchukue watu 60,000. Mwaka huo Harambee Stars ilifika fainali ya kandanda, ikashindwa na Misri bao 1-0.

Kando ya uwanja huo kuna ukumbi wa viti 5,000 wa michezo ya ndani kama voliboli, mpira wa vikapu na ndondi. Kuna pia kidimbwi cha kuogelea, uwanja wa mazoezi na hoteli.

Mashindano ya riadha ya dunia ya chipukizi wa chini ya miaka 18 yalifanyika hapo mwaka 2017, na ya chini ya miaka 20 mwaka 2021. Septemba 2021 Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 hapo kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Tarehe 30 Agosti 2025, Moroko iliilaza Madagaska 3-2 hapo hapo katika fainali ya CHAN.

Mzazi wa Kitui atauliza: haya yote yanamfaa nini mwanangu aliye mbali na Nairobi? Jibu liko karibu na nyumbani, katika uwanja wa Ithookwe, ulioboreshwa kwa sherehe za Siku ya Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2025.

Kitui haijakosa vipawa. Marehemu Benson Masya, mzaliwa wa huko, alikuwa bondia kabla ya kugeukia mbio. Mwaka 1992 alishinda mbio za dunia za nusu marathoni, zilipofanyika kwa mara ya kwanza kule Newcastle, Uingereza.

Kijana mwingine kama yeye huenda yuko darasani leo. Hawezi kuanzia Kasarani. Ataanzia pale anapoweza kufika kwa miguu baada ya masomo. Uwanja unaofunguliwa siku ya sherehe pekee haumsaidii. Anahitaji lango lililo wazi, kocha, maji ya kunywa na mashindano ya shule kila muhula.

Wazazi na walimu, uliza ni siku zipi watoto wanaruhusiwa kufanya mazoezi uwanjani, kisha mwende pamoja nao. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza apate mahali pa kuchezea.