Homa ya Pwani Ilivyotukuta Misheni

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, barabara kuu ya Mombasa hujaa mabasi ya makanisa. Utayajua kwa nyimbo, na kwa magodoro yaliyofungwa juu ya keria. Waliomo ndani wanakwenda misheni. Zamani, msomaji, neno hilo lilikuwa la Wazungu waliokuja kwa merikebu. Siku hizi ni watu wa Kinangop waendao Kilifi, au watu wa Kisii waendao Turkana, tena wengi huenda pamoja na wake na watoto wao. Wakirudi husimama mbele ya washarika wakahesabu mabati waliyopiga na nafsi zilizookoka. Homa waliyoipata huko hawaisemi hadharani, kana kwamba kuugua katika kazi ya Mungu ni aibu.

Wala si jambo jipya. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa iliwaangusha wote wawili, mama akiwa ndio kwanza amejifungua. Rosine alifariki, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Miaka miwili baadaye, Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipokipanda kilima cha Rabai kuanzisha kituo chao, walikwenda wakiwa wagonjwa wa homa. Watu wa wakati ule walidhani kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Haikujulikana mpaka mwaka 1897, Ronald Ross huko India alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya Desemba 2023, tulipokwenda Rabai sisi wenyewe: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8. Mimi ni seremala, nikapewa kazi ya paa la darasa la chekechea. Mke wangu alikuwa awafundishe akina mama kushona. Tulifikia kwa nyanya mmoja mjane, nyumba yake iko chini kidogo ya barabara itokayo Mazeras.

Neti tulikuwa nazo, tena zile zilizotiwa dawa. Lakini mvua za El Nino ziliipiga Pwani vibaya mwaka ule, kila shimo lilisimama maji, na mikutano yetu ya jioni ilifanyika nje, chini ya mwembe, mpaka saa nne ya usiku. Mbu hangoji mtu aingie kitandani.

Siku ya 11 nilikuwa juu ya paa, nyundo mkononi, jua la saa saba likichoma, mara baridi ikaniingia. Mtu wa Kinangop aijua baridi, lakini hii ilitoka ndani ya mifupa. Nilishushwa kwa ngazi meno yakigongana. Kufika jioni mwili ulikuwa moto, kichwa kinapasuka, na kila nilichokunywa kilirudi. Wenzangu walikaa kitako kuamua ugonjwa. Mmoja alisema ni maembe mabichi ya chumvi na pilipili, mwingine akasema ni maji ya huku, wa tatu akasema ni shetani anayepinga kazi. Wakaanza kuomba. Nyanya alinigusa paji la uso mara moja tu.

"Hii ni malaria, mwanangu," akasema. Kisha akawageukia wale wengine: "Maombi mtamfanyia njiani." Akamtuma mjukuu wake kuita bodaboda.

Kwenye zahanati walinidunga kidole, na baada ya robo saa mstari ukaonekana katika kipimo. Mwuguzi, kijana mpole, alimweleza mke wangu jambo ambalo ningependa kila mtu wa nyanda za juu alijue. Kwetu baridi haiviachii vijidudu hivi vikomae ndani ya mbu, kwa hiyo damu yetu haijazoea kupigana navyo. Nyanya aliyeumwa na mbu tangu utotoni huenda akawa navyo mwilini na bado akaenda shambani. Mimi, mwanamume mzima, mbele ya malaria nilikuwa sawa na mtoto mchanga. Nilipewa vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, na nikaambiwa nivimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Akaongeza neno kwa sisi sote: homa yoyote itakayotupata kwetu katika mwezi ujao, tumwambie daktari tulikotoka.

Habari ya mafuta haikumsumbua nyanya. Kila asubuhi nilimsikia ukumbini amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alinipa kitanda chake, yeye akalala mkekani. Alinichemshia majani ya mwarobaini niogee, nami nikaoga, lakini vidonge sikuviacha. Wale akina mama waliokuja kufundishwa kushona walikuwa wakileta kuni na maji, na mashuka yangu waliyafua wao. Paa lilimaliziwa na vijana wa kijijini.

Usiku wa pili nilimtazama mke wangu akinipepea kwa kawa, watoto wamelala chini ya neti, nikamfikiria Krapf katika chumba chake cha Mombasa. Yeye hakuwa na vidonge hivi. Jambo jingine pia lilinijia. Katika masimulizi niliyoyasoma, sijaona jina la mtu aliyemtekea Krapf maji siku zile hawezi kusimama. Lazima alikuwako.

Tulirudi nyumbani salama, na mimi nikasimama mbele ya washarika kama desturi. Siku kumi baadaye mvulana wetu akaanza kutetemeka. Kliniki moja ya karibu na kwetu ilisema ni mafua, baridi imezidi, mpeni asali. Mke wangu hakuinuka kwenye kiti. "Mtoto huyu alikuwa Pwani," akasema, akalirudia hilo mpaka kipimo kikatafutwa. Mstari ukaonekana tena. Tulimpa vidonge kwa kadiri ya uzito wake, pamoja na maziwa ambayo hayajaenguliwa, na siku ya tatu aliomba mpira wake.

Siku hizo zote nyanya alipiga simu kila jioni. Hakuuliza habari za kanisa. Aliuliza mtoto amekula nini. Aliposikia ni maziwa, alinyamaza kidogo, kama mtu asiyeridhika. Juma lililofuata tuliitwa stendi kuchukua gunia lililotumwa kwa basi, ndani yake nazi 20. Mbuzi ya kukunia hatukuwa nayo, wala mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Niliichonga mwenyewe kwa mti wa mwerezi, na fundi wa vyuma akanifulia ulimi wake.