Dactylioceras: "nyoka wa jiwe" ambaye hakukuwa nyoka

Ku Whitby, mji wa pwani kaskazini mashariki mwa Uingereza, mawimbi yanabomoa miamba na kuacha wazi mawe ya mviringo, yamejikunja sawa nyoka aliyelala. Watu wa kule walisimulia kama Mtakatifu Hilda, aliyeanzisha monasteri pale mwaka 657, ndiye aligeuza nyoka kuwa mawe. Lakini nyoka hao hawakuwa na kichwa! Basi mafundi wakawa wanachonga vichwa na kuuzisha.

Kumbe ni nini?

Ni ganda la mnyama wa bahari, Dactylioceras, wa kundi la amoniti. Aliishi karibu miaka milioni 180 iliyopita. Mwili wake ulikuwa laini, mwenye undugu na pweza na ngisi. Alikaa katika chumba cha mwisho cha ganda. Vyumba vya nyuma vilikuwa na hewa, vikamsaidia kuelea. Amoniti wote walikwisha kufa karibu miaka milioni 66 iliyopita.

Unamtambua namna gani?

Angalia mambo matatu. Kwanza, mizunguko yote inaonekana, sawa kamba iliyokunjwa chini. Wa inje haufuniki wa ndani. Pili, mbavu ni nyembamba na zimekaribiana. Nyingi zikifika ukingo wa inje zinagawanyika mbili. Tatu, mgongo ni wa mviringo. Jamaa yake Hildoceras, aliyepewa jina la Hilda, iko na mstari uliosimama mgongoni, na mbavu zake zimepinda kama mundu.

Inasaidia nini?

Amoniti walibadilika haraka, aina moja ikifuata ingine. Ndiyo maana mtaalamu wa mawe akiona mbavu za aina fulani, anajua tabaka ile ni ya wakati gani. Kichwa cha kuchonga kinaongeza bei tu. Ukweli uko ku mbavu.

Na huku kwetu?

Miamba yenye kasiteriti na koltani ya Kivu na Maniema, mingi iko na umri wa karibu miaka bilioni moja, mbele sana ya amoniti kutokea. Basi mtu akikuletea amoniti ya kuuzisha na kusema aliitoa ndani ya mwamba wa koltani, usifungue mfuko haraka. Jiwe lile limetoka mbali.