Lukasa: Ubao wa Waluba na Jeni Inayotafutwa

Msomaji wa lukasa huushika ubao kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga. Ni ubao mdogo wa kuenea mkononi, umebinywa katikati, na mgongoni umechongwa michoro ya gamba la kobe. Upande wa mbele umepigiliwa shanga, kauri na vipande vya chuma. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogondogo inaweza kuwa mtawala na watu wake. Shanga zilizopangwa mstari zinaweza kuwa njia au safari. Herufi hakuna hata moja.

Waluba, ambao ufalme wao ulistawi kusini-mashariki mwa Kongo ya leo, waliwakabidhi mbao hizo wataalamu wa chama cha Mbudye. Waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, na walisoma kwa kusimulia, kuimba na kucheza: visa vya watawala wa mwanzo Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga, nasaba za watawala, mahali penye mizimu. Watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba huko New York mwaka 1996, walieleza jambo linalomtatiza mtu aliyezoea vitabu. Ubao uleule ulisomwa kwa namna tofauti, kutegemea nani anasoma, nani anasikiliza na shauri gani liko barazani.

Wengi wetu tungesema hapo ndipo simulizi zinapochapia. Ubongo wenyewe, hata hivyo, hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mwaka 2007 Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao jijini London waliwachunguza watu watano waliopoteza kumbukumbu baada ya kuumia hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuhifadhi matukio. Waliwaomba wabuni picha ya jambo ambalo halijatokea, kwa mfano kujilaza kwenye ufukwe wa mchanga mweupe. Wengi wao walishindwa. Walitoa vipande vilivyotawanyika: bahari, mchanga, basi. Wengi walioshindwa kukumbuka ya jana walishindwa pia kubuni ya kesho. Kukumbuka, basi, ni kuunganisha vipande upya kila mara, na ubunifu hutumia vipande hivyohivyo.

Hipokampasi hiyo ina kazi nyingine: ndiyo ramani yetu. Mwaka 1971 John O'Keefe alieleza kuhusu seli za ubongo wa panya zinazowaka mnyama anapofika mahali fulani tu, na mwaka 2014 akapata Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Huenda ndiyo maana jambo lililofungwa kwenye mahali halitoki kichwani upesi. Wenyeji asilia wa Australia wamelitumia hilo tangu zamani: wanatembea nchi yao huku wakiimba, na kila jabali au kisima kina ubeti wake wenye habari za wanyama, mimea na sheria. Lukasa ni nchi ya namna hiyo iliyopunguzwa ikaenea mkononi. Mwandishi wa Australia, Lynne Kelly, alijitengenezea ubao wa mfano huo akaufungia majina ya aina zaidi ya 400 za ndege wa jimbo la Victoria.

Mbinu hiyo ya mahali imepimwa pia kwa majaribio. Katika chuo kikuu cha Monash, nchini humohumo Australia, wanafunzi 76 wa udaktari walipewa majina 20 ya vipepeo wayakariri. Kundi moja lilifundishwa mbinu ya Wagiriki ya kuweka kila jina ndani ya chumba cha nyumba unayoijua. La pili lilifundishwa mbinu ya wenyeji asilia, kwa kutembea kwenye bustani ya mawe huku hadithi ikisukwa. La tatu halikufundishwa kitu. Mafunzo yalichukua dakika 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliotumia mbinu ya wenyeji asilia uwezekano wao wa kukumbuka orodha nzima uliongezeka karibu mara tatu, waliotumia ya Wagiriki karibu mara mbili, na waliobaki kwa nusu hivi. Kundi la bustani ndilo lililoshika vizuri zaidi mpangilio wa majina.

Sasa jeni. Katika kitabu chake cha mwaka 2024, Kelly anasema jeni iitwayo NF1, iliyo kwenye kromosomu ya 17, ndiyo iliyotuwezesha kufunga maarifa kwenye sanaa, muziki, mahali na hadithi. Hoja yake ina mashiko kiasi. Takriban mtu 1 kati ya 3,000 huzaliwa na hitilafu katika jeni hiyo. Mbali na uvimbe kwenye neva, wengi wao hupata shida ya kujifunza na kutambua nafasi, na wengine hata kufuata mahadhi. Kwa panya, protini inayotokana na NF1 inapopungua, breki za seli za ubongo hukaza kupita kiasi na kumbukumbu haishiki.

Lakini tuende polepole. Ukinyofoa betri redio ikazima, huwezi kusema taarabu inatungwa na betri. Dawa aina ya statini iliyowasaidia panya haikuleta nafuu iliyotarajiwa ilipojaribiwa kwa watoto wenye tatizo hilo. Zaidi ya yote, jeni hiyo tunayo sote, wasomaji wa lukasa na sisi tunaosahau namba zetu za simu. Kilichomtofautisha mwana wa Mbudye ni miaka ya kufundwa, kupandishwa daraja na kusoma mbele ya watu wanaojua ukikosea.

Mbao zenyewe nyingi ziko ng'ambo. Jumba la Makumbusho la Brooklyn nchini Marekani linao mmoja. Jaribio la Monash halikuhitaji mashine ya kusoma vinasaba. Lilihitaji bustani, mwalimu anayeijua hadithi na nusu saa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wa udaktari wanaokesha wakikariri majina ya mishipa na mifupa, na Uluba uko nchini humohumo Kongo. Wapeni ubao na shanga, mwiteni mzee anayejua kusoma lukasa awafundishe, kisha mtupe takwimu.